Kamba Kati ya Miti Mbili

Hii habari inanionesha mujinga. Nasema mapema, ili usichoke kunitafutia heshima mu katikati. Naieleza vile vile, juu mu hii habari kuko nyumba moja, na mu ile nyumba watu walikuwa wanalala. Kama wangebakimo, mimi njo ningekuwa nimewafungia mulango.

Mimi ni motari, mwenye kubeba watu ku pikipiki, ya barabara ya Kalembe kwenda Pinga. Masomo yangu iliishia primere, na nadhani mwalimu alinipa cheti ili asikie tena kimya mu darasa yake. Hesabu nilijua kujumulisha na kutosha, ni kusema kuondoa. Kugawanya nilikuwa naachia wale wenye kuwa na vitu mingi.

Kwetu ni juu ya barabara, karibu na Kalembe, penye Masisi inaishia na Walikale inaanza. Mulima iko mukali. Juu iko shamba yetu ya maharagi na muhogo. Chini ya shamba yetu iko shamba ya jirani. Chini ya shamba yake iko nyumba yake, na chini ya nyumba iko barabara. Muhogo ikikuponyoka kwetu, inapita kwa jirani bila kubisha, inakamatwa na motari ku barabara.

Yule jirani ni muzee wa sauti nzito. Mu kanisa akiimba, benchi inatetemeka. Alikuwa anaishi pale na muke wake, mama wa nyumba, pamoja na muke wa mutoto wake, na wajukuu. Nyuma ya nyumba kulikuwa kaburi ya mama yake, imezungushwa mawe, na kila mara wajukuu walikuwa wanatosha majani juu yake.

Kati ya yule muzee na papa yangu kulikuwa maneno ya zamani. Mupaka ya mashamba ilikuwa muti moja. Vita ilitukimbiza wote. Wakati tulirudi, wapita-njia walikuwa wamekata ile muti wakapikia, mpaka ku shina. Papa akakumbuka ilikuwa hapa, muzee akakumbuka ilikuwa pale. Tokea ile siku walikuwa wanasalimiana mu kanisa tu, juu pale Mungu anaangalia.

Basi kukatokea ufa. Mvua ilinyesha mingi, alafu tukaona mu upande wa chini wa shamba yetu inji, udongo wenyewe, imepasuka. Ufa mudogo, unaweza kuingiza mukono, lakini murefu, unapita kutoka ukingo mpaka ukingo. Wale wenye kutengeneza barabara waliogopa, wakatuma injeniere moja kutoka Goma. Msichana, rika yangu, mufupi, na viatu vya matope kunishinda mimi. Alipanda lori mpaka Sake, kisha pikipiki, kisha pikipiki ingine, ya mwisho ikawa yangu. Aliniambia ku Mubambiro, ku barieri yenye inafungaka barabara, askari walimufungulisha sakoshi, wakauliza hizi kamba na misumari ni ya kufunga nani.

“Uliwajibu nini, dada?”

“Ya kufunga mulima. Walicheka, wakaniacha nipite.”

Hapo nikamupenda. Muntu mwenye kuchekesha askari wa barieri, mimi namubeba hata bila mafuta.

Alisimika miti mbili, urefu wa goti. Moja juu ya ufa, kwetu. Ingine chini ya ufa, mu migomba ya jirani. Ku kila muti alipigilia musumari, akapaka kichwa rangi nyekundu. Kisha akaniita.

“Kaka, kila siku ya Mungu, kisha misa, pima kutoka musumari ya juu mpaka musumari ya chini. Niambie ku telefone. Usiguse miti. Pima tu.”

“Na kama mulima inanigombeza?”

“Mulima haisemake. Njo maana tunaipima.”

Aliniachia metere ya chuma. Haikumaliza juma: kijana moja wa barieri aliiona mu mufuko yangu, akasema iko muzuri ya kupima mbao ya kitanda yake. Muntu mwenye bunduki akisema anajenga kitanda, unamutakia usingizi muzuri. Nikakata kamba, urefu sawa kabisa toka musumari mpaka musumari. Nikajisifu. Kama kamba inafika, hakuna kitu imebadirika. Nani anahitaji namba?

Lakini kuko kitu yule dada hakujua, na hakuna muntu alimuambia. Kwetu, muti yenye umesimika mu shamba haiko muti. Iko neno. Mwenye kuisimika anasema: yangu inaanzia hapa. Na hii ilikuwa na rangi nyekundu, imesimikwa na muntu wa Goma mwenye sakoshi. Tokea siku papa aliiona, akilima, alikuwa anaizunguka na jembe vile unazunguka muzee mwenye kukaa. Kichwani mwangu ikakuwa imekwisha: muti ya juu njo mupaka.

Siku ya Mungu ya kwanza kamba ilifika. Ya kufuata pia. Kisha siku moja haikufika. Ilikosa kidole moja.

Nikaangalia muti ya chini, inasimama wima. Nikaangalia ya juu, wima vile vile. Nikasema: muti haina miguu, mwenye miguu ni muntu. Ile ya chini iko mu migomba yake mwenyewe, ataigusia nini? Ni ile ya juu njo ameng'oa, akaipandisha ili akule shamba yetu. Nikaona niko na akili kama juji. Nikang'oa muti ya juu, nikaishusha kidole moja mpaka kamba ikafika. Kisha nikaita Goma.

“Iko namna gani, kaka?”

“Sawa, dada. Kamba inafika.”

Na haikuwa uongo. Ilikuwa inafika.

Siku ya Mungu ingine ikakosa tena, kupita kidole. Nikarudisha muti tena. Sasa nikasema huyu muzee lazima nimukamate na alama. Nikatafuta kamba ya pili, nikaanzia na ile kidole ya kwanza. Kila mara kamba ya kwanza inakosa kufika, ninapima ile nafasi na kamba ya pili, ninafunga fundo. Fundo za kwanza zilikaribiana kama meno. Za kufuata zikaanza kuachana. Papa aliona ile kamba inaninginia ku mulango, akauliza ni ya nini.

“Ni uchoyo wa jirani yako, papa. Naipima. Angalia vile inakomaa.”

Papa alicheka. Ilikuwa zamani sijamusikia anacheka juu ya ile shamba.

Kumbe na muzee, kule chini, alikuwa anaangalia. Asubui moja aliniita kutoka mu kiwanja yake, na ile sauti, hata mbuzi ziliinua kichwa.

“Wee motari! Ile muti nyekundu inakuwa inashuka kuja kwangu kila siku ya Mungu. Unatoka kukula mwili wa Bwana unakuja kukula shamba yangu?”

“Inashuka juu wewe muzee unaipandishaka, vié!”

“Mimi? Na magoti haya?”

“Shetani hana shida ya magoti!”

Muke wa mutoto wake alikuwa anachambua maharagi ku mulango. Alificha uso akacheka. Muzee hakucheka. Aliingia mu nyumba, akafunga mulango polepole. Ile mulango haikufunga muzuri. Alisukuma na bega, ikakataa, ikabaki na nafasi juu. Niliona ile kitu na macho yangu. Nikafikiri: nyumba imezeeka sawa mwenyewe. Nikapanda pikipiki nikaenda.

Tukafika kwa shefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji, atukatie maneno. Watu walijaa mu kiwanja, juu mimi nikisema mbele ya watu, hata wenye kuwa na kazi wanakuja. Papa alikaa upande moja, muzee upande ingine. Nikasimama na kamba yangu, nikainyoosha mikono mbili, nikaanza.

“Shefu, hapa ni siku yenye alianza kuiba. Aliiba kidole, na haya. Hapa akaona tunanyamaza, akaiba mbili. Hapa haya iliisha. Na hapa, muone, hapa ameiba mukono muzima, na siku ile ile alituimbia zaburi!”

Watu walicheka mpaka wakapiga mapaja. Muzee alisimama.

“Shefu, mimi siseme mingi. Huyu mutoto, nilimubeba ku mugongo wakati tulikimbia, mama yake alikuwa na mimba ingine. Kama ningejua ni mupimaji, ningemutua ku barabara.”

Hapo wenye kucheka wakageuka kuniangalia mimi. Ilikuwa kweli. Mi mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Hapo hapo pikipiki ikafika. Ni yule dada injeniere. Alikuja kumaliza kazi yake, juu ku telefone nilikuwa nimemuambia kila juma kwamba ni sawa, na wakubwa wake walikuwa tayari kuanza kukata mulima chini ya nyumba, wapanue barabara. Alisikia maneno ya mwisho ku mulango wa shefu. Akaangalia kamba.

“Ile ni nini?”

“Ni alama ya mwizi, dada.”

Alinyoosha mukono, nikamupa. Akapitisha vidole fundo kwa fundo, kama muntu anasali rozari. Alipofika ku fundo za mwisho, akaanza tena toka mwanzo.

“Nani alisogeza muti?”

“Mimi nilikuwa narudisha tu. Yeye njo—”

“Kaka. Umeona muntu anasogeza? Na macho?”

Nikaangalia magoti ya muzee.

Alipiga magoti mu vumbi, na suruali yake ya Goma. Akachora musitari. Kwa kila siku ya Mungu akasimika kijiti, urefu sawa na nafasi kati ya fundo na fundo. Vijiti vikapanda kama ngazi, kwanza polepole, kisha kwa haraka. Aliwaambia wazee: “Mwizi anaiba leo, kesho anagonjwa, keshokutwa anaogopa. Hii haiogope na haigonjwe. Hii haiko muntu. Muti ya chini njo ilikuwa inatembea. Inatembea na inji yote, na migomba, na nyumba, na ikianguka itavuta na shamba ya juu.”

Kisha akageuza hesabu. Aliniuliza: mwanzoni, kutembea kidole moja, mulima ilitumia siku ngapi? Nikasema juma nzima. Na kisha? Nikasema nusu ya juma. Na sasa? Nikahesabu ku vidole, nikagawanya, mimi mwenye kukataa kugawanya. Siku moja haifike. Akasimika vijiti vipya vya ile muda, siku mingi kijiti kirefu, siku kidogo kijiti kifupi, na hivi vilikuwa vinashuka. Akaweka kamba yangu juu ya vichwa vyao. Ikanyooka, ikaenda kugusa vumbi mbele kidogo.

“Penye inagusa,” alisema, “mulima haihitaji tena muda ya kutembea. Inakuja mara moja.”

Papa aliinama kuangalia. Dada akamuuliza maharagi yetu yatakomaa lini. Papa akamuambia. Yeye akatikisa kichwa.

“Musingojee yakomae. Na musinishike kwa siku. Hizi fundo zilifungwa na mukono, na mukono ilikuwa na hasira. Inaweza kuja mbele, inaweza kukawia. Lakini itakuja.” Kisha akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe: “Nilisimika miti bila kuuliza shamba ni ya nani.”

Watu wote wakageukia muzee. Shefu akamuambia atoshe jamaa yake mu ile nyumba leo leo. Muzee alikaa palepale.

“Asubui nilikuwa mwizi,” alisema. “Sasa ni saa sita, na wenye kuniita mwizi wananiambia nitoke mu nyumba yangu. Nikitoka, huyu na papa yake watalima mpaka mu jiko yangu. Muniletee hesabu ingine, hii nimeielewa.”

Akachukua kofia yake, akaenda.

Ile siku nilijua kinywa yangu imefanya kazi gani. Yule dada alikuwa na vijiti, na kamba, na musitari yenye hata mimi niliona mwisho wake. Lakini kati ya musitari na masikio ya muzee, mimi nilikuwa nimesimama na ile kicheko ya watu. Nilimufuata kwake. Wajukuu walikuwa wanacheza ku kaburi. Nilimuambia: vié, ni mulima, haikuwa wewe, nilikosea. Alikuwa anachonga mupini ya jembe, hakuinua macho.

“Ulisema mbele ya watu wote. Sasa unakuja kunong'ona hapa?”

Nikajaribu kumuchekesha, nikasema mulima yenyewe ilishindwa kuniambia. Mama wa nyumba akaniangalia tu. Pale mu ukuta, juu ya mulango, nafasi ilikuwa imeongezeka. Niliweza kuona migomba kupitia pale. Nilitoka bila kuaga.

Nilimukuta papa mu shamba. Nikamuambia: papa, kuko njia moja. Twende naye mbele ya shefu na watu wale wale, yeye atuoneshe penye anakumbuka muti ya zamani, na sisi tuisimike pale pale na mikono yetu.

“Unataka nimupe shamba?”

“Ile shamba haitakuwako, papa.”

“Basi kwa nini nimupe?”

“Juu yeye bado anaamini itakuwako. Na hatatoka mpaka ikuwe yake.”

Papa alilima musitari moja, akarudi, akalima ingine. Ku ile shamba alizikia nguvu yake yote. Mwishoni akasimamisha jembe, akauliza: “Wajukuu wake ni wangapi?” Aliwajua wote kwa jina. Hakungojea jibu.

Kesho yake tulipanda wote ku shamba: shefu, muzee mwenye shefu alimuita, wazee, wale wenye kucheka, na yule dada. Nilisimama mbele yao nikasema nilidanganya juu ya muzee, hakuwa mwizi, mwizi alikuwa inji yenye tunakanyaga. Hakuna muntu alicheka, na sikutaka wacheke. Muzee alitembea mu shamba yetu, akasimama ndani kabisa, kupita hata penye nilimusikia anasema zamani. Akagonga na mukongojo: “Hapa.” Nikaangalia papa. Papa alichimba mwenyewe. Wakasimika muti mubichi, wakakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mu kikombe moja, na shefu akasema imekwisha.

Muzee aliangalia ile muti, akaangalia ufa chini yake, akasema: “Ninyi watu, munanipa mupaka ku kitu yenye inaondoka.” Lakini ile jioni mama wa nyumba alishusha masafuria, muke wa mutoto akabeba mikeka, wajukuu wakavuta mbuzi, na mimi nikafanya safari ku pikipiki mpaka magunia ikanichubua mugongo. Walienda kulala ku upande wa kanisa, mu kajumba yenye ndugu yake alimupa. Yeye alitoka wa mwisho. Alikawia nyuma ya nyumba, penye kaburi, na sisi sote tulijifanya tunafunga mizigo.

Siku yenye musitari ya dada iligusa vumbi ikapita, mulima haikukuja. Ikapita siku ingine. Ku Pinga motari wenzangu wakaanza kuniuliza kama mulima imekosa tiketi. Muzee akaanza kurudi mchana kuangalia migomba, kisha akasema atarudisha watu. Nilipima tena, sasa bila kugusa muti. Kamba ya kwanza haikuwa na maana tena, nilihitaji kamba tatu. Nikaita Goma, kule dada alikuwa amerudi kusimamisha kazi ya barabara. Dada akasema: “Muambie haiko tarehe ya arusi. Muambie angoje.” Nikaenda kukaa ku barabara, upande wa kanisa, mbele ya kufika nyumba, kila siku, nikimuona anakuja namusimamia mu njia. Tulibishana mara mingi. Siku moja alinisukuma na mukongojo. Sikutoka.

Ilikuja kisha saa nane ya mchana, mvua ikinyesha. Haikufanya kelele yenye nilingojea. Ilikuwa kama lori kubwa yenye kushusha mizigo bila kumaliza. Migomba ilienda ikisimama, wima, kama watu wanashuka ku soko. Kisha nyumba ikakaa chini. Kisha hakukuwa nyumba, wala kiwanja, wala kaburi, wala barabara, wala ile muti yenye papa alichimbia. Shamba yetu ilikuwa imelala juu ya shamba yake, na zote mbili juu ya barabara, na hakuna shefu angeweza kuonesha ya nani iko wapi.

Hakuna muntu alikuwa ndani.

Jioni nilienda ku kanisa. Muzee alikuwa amekaa mbele ya ile kajumba, matope ku miguu, juu alitoka kutafuta mawe ya kaburi na hakuona hata moja. Wajukuu walikuwa wanakula ndani, nilisikia sahani. Nilikaa chini karibu naye. Aliangalia mulima yenye kusimama nyuma ya kanisa, akaangalia mulango wa ile kajumba, kama unafunga muzuri, kisha akaniambia:

“Ile kamba yako iko wapi? Leta. Unipimie na hapa.”